Mtoto wa Ukurasa wa Tisa

Mwezi wa nane uliopita nilikwenda Ikungi kumzika Mama Anyesi, nikakaa huko siku tatu. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza maishani, ingawa siku nilizokuwa namfundisha kushika penseli mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na yeye tayari alikuwa na mjukuu. Siku ya pili ya msiba, baada ya chakula, Petro, mwanawe wa mwisho, ambaye siku hizi ana mvi na amestaafu, alikuja kwenye mkeka wetu sisi wanawake akiwa na wajukuu zake wawili. Akawaambia, "Msalimieni bibi. Huyu ndiye aliyeniachisha shule." Watoto wakanipa shikamoo huku wakinitazama kwa wasiwasi. Nikasema ilikuwa siku tisa tu. Petro akasema siku tisa za darasa la kwanza si mchezo, na kwamba mpaka leo hesabu za kutoa zinamsumbua kwa sababu yangu. Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani kinachotoka kidogo kisha kinarudi ndani. Nami nilicheka. Lakini ndani ya basi la kurudi Singida mjini sikuwa nacheka tena. Nilikuwa namfikiria Mama Anyesi na swali aliloniuliza mwaka ule, ambalo sikuwahi kumjibu vizuri. Nimeona niandike ilivyokuwa, nisije nikaondoka nalo.

Mwaka ule watu walikuwa wameacha kaya zao za zamani, zilizokuwa moja huku nyingine kule, wamehamia kwenye kijiji kipya cha ujamaa, nyumba kwa mistari, mlango ukitazama mlango. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, na wala sikuhuzunika sana, maana kichwani mwangu nilikuwa na mipango mingi ambayo haikuhitaji sekondari. Nilitaka kuandika vitabu. Sikuwa nimewahi kumwona mtu anayeandika vitabu. Nilidhani ni kazi ya kukaa dirishani na kunywa chai. Kijiji kile kilikosa mtu wa kufundisha kisomo cha watu wazima, na kutoka kwetu kulikuwa mwendo wa nusu siku, basi nikapelekwa, nikapangiwa kulala kwa Mama Anyesi na mumewe, Mzee Ntandu.

Nyumba yao ilikuwa tembe, paa la udongo, imejengwa haraka haraka kabla mvua hazijaanza. Miti ya ukutani ilikuwa bado mibichi, na ile ya upande wangu ilichipua: kila asubuhi nilikuta jani jipya limetokeza kwenye udongo juu ya kichwa changu, nikalichukua kuwa dalili njema. Upande mmoja nilitenganishwa na ndama wawili kwa ukuta wa fito. Upande wa pili walikuwa wenye nyumba, na ukuta wao haukuwa umekandikwa mpaka juu, kwa hiyo kila kilichosemwa kule nilikisikia, nikitaka nisitake. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda, na siku ndama walipokuwa na huruma tulipata na maziwa ya mgando. Mzee Ntandu alikula akiwa amekaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, kama mtu asiyejua bado kama atakaa. "Kule tulikotoka," alikuwa akisema, "mbwa akibweka ulijua kuna mgeni. Hapa mbwa amechoka. Amebweka mwezi mzima, ameona wageni hawaishi, amelala." Mama Anyesi alikuwa akimjibu, "Na wewe lala basi." Nilicheka peke yangu upande wa ndama. Sikujua kwamba katika maneno yale kulikuwa na hofu. Kwa umri wangu, jirani mpya alikuwa mtu mpya wa kupiga naye soga, basi.

Miongoni mwa wageni hao aliyependwa kuliko wote na watoto alikuwa fundi baiskeli, kijana wa miaka thelathini hivi, Mnyiramba kutoka Shelui. Alikuwa na kibanda cha nyasi kando ya njia ya kwenda shule. Vipande vya tyubu zilizokufa aliwagawia watoto watengenezee manati, na ringi iliyopinda isiyonyooshwa tena aliwapa wakimbize barabarani. Hakuwa na mke wala mtoto, na wanawake walipomuuliza kwa nini, alisema bado anatafuta spea. Petro, aliyekuwa ameanza darasa la kwanza mwaka huo, alipitia pale asubuhi akienda shule na mchana akirudi, na mfuko wa kaptura yake ulinuka mpira.

Darasa langu lilikuwa kwenye ghala la kijiji, saa tisa alasiri, watu wakishatoka shambani. Tulikaa juu ya magunia ya karanga, na harufu ile ya karanga na vumbi nikiisikia popote hata leo, naona ubao. Wengi walikuwa wanawake. Nilikuwa na hotuba moja niliyoipenda sana, nayo ilihusu barua. Anyesi, binti mkubwa wa Mama Anyesi, alikuwa ameolewa Manyoni, na barua yake ya kutoa habari ya kujifungua ilisomwa na bwana mmoja aliyekuwa akisoma kwa kubahatisha; akasema mtoto ni wa kike. Mama Anyesi akashona kigauni. Alipokwenda kumwona, akakuta mvulana. Kwa hiyo mimi nilisimama mbele ya ubao nikiwaambia, "Mama zangu, mtu akikusomea anaweza kukudanganya. Karatasi yenyewe haidanganyi. Jifunzeni kuiuliza karatasi wenyewe." Niliyasema maneno hayo kila juma, na walikuwa wakiyarudia pamoja nami kama watu wanaoitikia sala. Vitabu vya darasa vilikuwa vitatu: cha kuchemsha maji, cha kupanda karanga kwa mistari, na cha kufuga kuku. Vyote vilisema kweli. Walivijaribu nyumbani wakaona ni kweli.

Na mimi nilikuwa na changu cha nne, nilichokificha. Binamu yangu alikuwa utingo wa lori la Singida na Nzega, naye aliniletea kitabu kidogo cha upelelezi kilichosahauliwa na abiria. Jalada lilikuwa limeng'oka na kurasa za mwanzo zimekwenda nalo. Kilianzia ukurasa wa tano. Jina la kitabu sikuwahi kulijua. Mtoto anatumwa dukani kununua sukari. Amevaa kaptura ya kaki, ameshika mkebe. Ukurasa wa tisa anakutwa amekufa ndani ya kisima kilichokauka. Anakuja mpelelezi mwenye koti refu, anavuta sigara, anahoji mtaa mzima, na mwisho anamnasa muuaji: fundi redio wa mtaani, mtu mpole aliyekuwa akiwapa watoto peremende. Nilikisoma mara nne. Sitasema uongo hapa: nilikipenda. Nilipenda lile koti. Nilipofika pale kwenye kisima nilisikia baridi ya kupendeza mgongoni, ile anayoisikia mtu akijua yuko salama. Na nilikuwa nimeanza kuandika cha kwangu kwenye daftari, na cha kwangu walikufa watoto wawili, kwa kuwa niliona mmoja hatoshi.

Nilikuwa na tabia ya kukisoma darasani wakati wanafunzi wangu wananakili ubaoni. Alasiri moja Mama Zainabu, mchekeshaji wetu, aliyekuwa na sauti ya kusikika mpaka kisimani, aliweka penseli chini.

"Mwalimu, hicho unachokilea kwenye khanga ni nini?"

"Kitabu tu, mama."

"Cha kuku?"

"Hapana."

"Basi tusomee. Kuku tumewachoka. Hata wenyewe wametuchoka."

Niliwasomea. Nilisoma kwa sauti ya koti refu na sauti ya mwenye duka na sauti ya mama mtu, nikatembea katikati ya magunia. Walinyamaza. Sijawahi kusikia ghala limenyamaza vile. Hata karanga hazikutafunwa. Nilisoma siku tatu mfululizo, na siku ya tatu nilipomtaja fundi redio, mwanamke mmoja nyuma aliguna, kisha wakainuka mmoja mmoja wakafunga khanga zao wakatoka bila kuagana. Nami, Mungu anisamehe, niliandika kwenye daftari langu jioni ile: Leo nimewashika. Nilipokaa na lile daftari nilisikia Mama Anyesi upande wa pili akimwambia mumewe taratibu, "Petro kesho haendi." Mzee Ntandu akauliza kama ni mgonjwa. Akajibu, "Si mgonjwa. Ndiyo maana haendi." Sikuunganisha mambo.

Juma lililofuata kijiji kilibadilika bila kelele. Watoto walikwenda kisimani wakifuatana na mama zao. Wale wa madarasa ya chini hawakuonekana shuleni, mpaka mwalimu wao akaja kuuliza kama kuna surua. Kwenye kibanda cha fundi hapakuwa na mtoto hata mmoja, wala baiskeli. Watu walizisukuma hivyo hivyo, tairi bila upepo, wakapita. Jumanne ya juma la pili, asubuhi, nilikuwa natwanga uani, fundi akaja akasimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Habari za asubuhi, mwalimu."

"Nzuri, fundi. Karibu."

"Hapa panatosha." Alitazama chini, kisha akasema, "Jana mjumbe wa nyumba kumi alinijia. Amenipa mpaka Jumamosi niwe nimeondoka. Nikamuuliza nimekosa nini, akasema yeye hana neno na mimi, ila kuna karatasi ya serikali imesomwa ghalani, inasema mafundi wanaopenda watoto ndio wanaowaua. Mimi sijui kusoma. Nimekuja kuuliza, jina langu limeandikwaje humo?"

Mchi ulinikwama mkononi. Nilimwambia jina lake halimo, ni fundi mwingine, wa redio, na wala huyo hayupo. Alinisikiliza kwa makini kama anavyosikiliza gurudumu, mahali linapolia. "Kama hayupo," akasema, "mbona ninayefukuzwa nipo?" Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya.

Kesho yake darasani sikugusa chaki. Nilisimama katikati ya magunia.

"Kile kitabu si habari," nilisema. "Ni hadithi. Mtu ameitunga."

Walitazamana. Mama Zainabu aligeuza kichwa akaangalia mlangoni, jua lilikokuwa limejaa.

"Hadithi," akasema. "Saa hizi?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na niliona aibu kwamba nilihitaji kueleweshwa, mimi niliyezaliwa huku huku. Kwetu hadithi hazisimuliwi mchana. Zinangoja jua lizame, zina maneno yake ya kuzifungulia na watu wana maneno yao ya kuitikia, na bila hayo mtu hajui kama ameingia kwenye hadithi. Anayesimulia jua likiwa juu, mifugo yake hupotea njia. Mimi niliwasomea alasiri nyeupe, kwenye ghala la kijiji, kutoka kwenye karatasi ambayo nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kwamba haidanganyi. Wangejuaje?

"Ndiyo maana mbuzi wangu hajaonekana tangu Ijumaa," Mama Zainabu alisema. Wengine wakaanza kucheka, kisha wakaona hatanii, wakaacha.

"Mwalimu," akasema mwanamke mmoja wa nyuma, "na kile cha kuchemsha maji? Nacho ni hadithi?"

"Hapana, mama, kile ni kweli."

"Tutajuaje? Karatasi ni ile ile."

"Mimi maji nilikuwa nachemsha kwa shingo upande," Mama Zainabu alisema. "Sasa nimepata sababu."

Hapo walicheka kweli, na moyo wangu ukashuka kidogo mahali pake. Lakini Mama Anyesi hakucheka. Alikuwa amekaa gunia la mbele, penseli sikioni, mikono mapajani.

"Kwa hiyo yule mtoto hayupo," alisema.

"Hayupo, mama."

"Hajawahi kuwepo."

"Hajawahi."

"Mtu alikaa chini, hana mtoto yeyote mbele yake, akamtengeneza mtoto. Akamvika kaptura. Akampa mkebe ashike. Halafu akamuua."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini?"

Nilifikiri. Nilitaka sana kumpa jibu la maana, jibu la watu waliosoma, lakini nililokuwa nalo ni hilo moja tu. "Ili yule mpelelezi apate kazi."

"Ili mwanamume wa koti apate kazi," alirudia polepole, bila kunikejeli, kama anavyorudia silabi mpya. "Na wewe ulipendezwa."

"Nilipendezwa."

"Hata mimi nilipenda yule wa koti," Mama Zainabu alisema. "Tusimwonee mtoto wa watu peke yake."

"Simwonei. Nauliza." Mama Anyesi alinyoosha mkono. "Nionyeshe mahali alipozikwa."

Nilifungua kitabu. Nilianza ukurasa wa tisa nikaenda mbele, kidole kikishuka mstari kwa mstari, nao wananingoja. Nilikijua kitabu kile kwa moyo, lakini sikuwa nimewahi kukitafutia jambo hilo. Ukurasa wa kumi wanaitwa polisi. Wa kumi na moja mtoto anaitwa maiti, na tangu hapo haitwi kitu kingine. Wa kumi na tano hatajwi tena. Mpelelezi anakula kuku wa kukaanga hotelini. Mwisho muuaji anafungwa pingu na mpelelezi anawasha sigara. Nilifika ukurasa wa mwisho, nikakifunga.

"Hakuzikwa," nilisema.

"Na mama yake?"

"Analia ukurasa wa kumi. Mstari mmoja."

Mama Anyesi alitikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu aliyepata mahali panapouma. "Siku zote hizi silali," akasema. "Nilidhani namhofia Petro. Kumbe kuna mtoto ameachwa kisimani na hakuna aliyekaa msiba." Kisha akainuka, na kwa kuwa alikuwa mkubwa kwetu sote, tukainuka naye. "Kusema tu kwamba ni hadithi hakutoshi, mwanangu. Umeisoma siku tatu mchana, imeshatuingia. Jioni hii uje uisimulie inavyotakiwa. Na fundi aitwe. Hatuwezi kumsema mtu nyuma yake."

Nimesoma vitabu vingi tangu hapo, vya upelelezi pia, na vingine vimenifurahisha sana. Sijawahi kuwa mtu wa kusema visiandikwe. Watoto wanaumizwa duniani, na asiyeandika hilo naye anaficha. Hata zile hadithi zetu za jioni zimejaa mazimwi yanayomeza watoto, na tulizisikiliza tukiwa wadogo, tukalala usingizi mzuri. Lakini nina mazoea ambayo wanangu wananicheka kwayo. Nikikuta mtoto ameuawa kwenye kitabu, naruka kurasa mbele kutafuta kaburi lake. Nikilikuta, narudi nasoma. Nisipolikuta, nakirudisha kabatini, hata kama mpelelezi ni hodari namna gani.

Jioni ile uani kwa Mama Anyesi walikuja wengi kuliko darasani. Jua lilikuwa limezama sasa hivi tu, upande wa machweo bado mwekundu. Karanga zilikaangwa kwenye kigae zikapitishwa. Mjumbe wa nyumba kumi alisimama ukutani na fimbo yake, kama mtu aliyepita tu. Petro alikuwa mapajani mwa mama yake ingawa miguu ilishafika chini. Fundi alikuja mwisho, amenawa mikono mpaka kwenye viwiko, akakaa karibu na lango. Aliyekuwa jirani yake alisogea kidogo. Fundi aliona, akajifanya anatafuta pa kuweka kofia.

Nilifungua kwa maneno ya kufungulia, kwa Kinyaturu, wakaitikia wote, na nilihisi mabega ya watu yakilegea. Kitabu sikukishika. Nilipoanza kusimulia kwa lugha ya nyumbani nikagundua kwamba nusu ya maneno ya kitabu hayakubali kutoka. "Maiti iligunduliwa" ilikataa kabisa. Ilinibidi niseme mtoto wa watu amekutwa kisimani, amekufa, na mkebe uko kando yake.

"Sasa pasueni kisima tumtoe," alisema Mzee Ntandu kutoka kizingitini. "Zimwi huwa linapasuliwa tumbo, watoto wanatoka."

"Huyu hatoki, baba," nilisema. "Amekufa."

"Amekufa," Mama Anyesi alisema. "Aliyemtunga amemuua, sisi hatuwezi kumrudisha. Kumzika tunaweza. Anaitwa nani?"

Sikujua. Kitabuni, labda jina lilikuwa kwenye zile kurasa zilizong'oka. Niliwatazama wale kina mama, kila mmoja amemkumbatia wake, na nikaelewa kwamba hakuna hata mmoja atakayelitoa jina la mtoto wake wala wa jirani yake liingie kisimani. Karanga zilizunguka tena.

"Mwiteni Rajabu," sauti ilisema langoni.

Tuligeuka. Alikuwa fundi.

"Rajabu nani?" Mama Zainabu aliuliza.

"Mimi. Ndilo jina langu." Alikuwa anaikunja kofia yake. "Hapa halitumiki, mnaniita fundi. Linaweza kukaa huko."

Mama Anyesi akasema, "Rajabu, basi," kwa sauti ile anayomwitia Petro, akanigeukia. "Endelea. Nani alimwambia mama yake?"

"Mimi," Mama Zainabu alisema kabla sijafungua mdomo. "Nilikwenda mimi. Nikamkuta anapepeta uwele. Sikumwambia kwanza, nilimpokea ungo." Akanyamaza, yeye Mama Zainabu, akafuta uso kwa pindo la khanga. Mwingine akasema alichota maji ya kumwoshea. Mwingine alitoa sanda. Ilikuwa shuka lake la arusi, bado jipya. Mwingine alipika ugali wa waliokuja kutoka mbali, akalalamika kwamba kuni zilikuwa mbichi. Nilikuwa sisimulii tena, nilikuwa nasikiliza. Lilipofika suala la kaburi kina mama waliwatazama wanaume, maana hiyo ni kazi yao, nao walikuwa wachache na wenye haya. Mjumbe alikohoa kule ukutani.

"Kaburi la Rajabu nilichimba mimi," alisema, macho kwenye fimbo yake. "Udongo ulikuwa mgumu."

Fundi akamwitikia, "Asante, mzee." Na mjumbe akajibu, "Haya."

Petro peke yake ndiye aliyeuliza kuhusu yule wa koti. Nikasema alikuja mazishini. "Alivua kofia?" Alivua. "Alivuta sigara?" Siku hiyo hakuvuta. Basi nikangoja waniulize ni nani aliyemuua. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo tangu mchana, nimepanga maneno yangu, jinsi nitakavyosema kwamba hakuwa fundi. Hakuna aliyeuliza. Mama Anyesi alisema maneno ya kufungia, wakaitikia, wakaanza kukung'uta maganda ya karanga kwenye nguo zao na kuamsha watoto.

Asubuhi nilitoka nyuma ya Mama Anyesi na Petro. Petro amevaa kaptura ya shule, mama yake amemshika mkono, na mkono ule alikuwa ameushika kwa nguvu, niliona vidole. Fundi alikuwa amefungua kibanda. Mzigo wake ulikuwa bado umefungwa kamba kando ya mlango, kama ulivyokuwa tangu Jumatatu.

"Shikamoo, mama," alisema.

Kwa kawaida angejibiwa, marahaba, fundi. Mama Anyesi alisimama. Alimtazama yeye, akatazama mzigo, akatazama njia ya shule iliyokwenda mpaka mbele ikapinda.

"Marahaba, Rajabu," akasema. "Umeamkaje?"

"Nimeamka mzima."

"Mshukuru Mungu." Kisha akauachia mkono wa Petro, na mtoto akaenda.